KUUFAHAMU MWENENDO WA TAASISI KUBWA: FUNZO KUTOKA MAKERE

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa juu ya njia ya kuchunguza taasisi kubwa, iitwayo kielelezo cha mwenendo wa mifumo. Njia hiyo husaidia kujibu suala linaloulizwa mara kwa mara maofisini: kwa nini upungufu hurejea kila baada ya muda, hali watumishi wanafanya kazi kwa bidii?

Mwanzilishi wake ni Jay Forrester, mhandisi wa Marekani aliyejiunga na skuli ya uongozi ya Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts mwaka 1956. Wakuu wa kampuni ya General Electric walimweleza tatizo la viwanda vyao vya Kentucky. Wakati mmoja kazi ilifanywa usiku na mchana, na baada ya miaka michache nusu ya wafanyakazi waliachishwa. Lawama ilitupiwa soko. Forrester alipiga hesabu kwa mkono katika daftari, akaona kuwa hata kama maagizo ya wateja yasingebadilika, taratibu za kiwanda chenyewe za kuajiri na kuweka akiba zingetosha kuleta misukosuko hiyo. Mwaka 1961 alichapisha kitabu juu ya njia hiyo.

Kielelezo hicho kina mambo manne. La kwanza ni kiasi kilichopo, kama maji ndani ya tangi. La pili ni kinachoingia na kinachotoka. La tatu ni mrejesho, yaani kiasi kilichopo kinavyoathiri uamuzi wa kuongeza au kupunguza. La nne, ambalo husahauliwa zaidi, ni muda unaopita kati ya uamuzi na matokeo yake. Mkarafuu uliopandwa leo hauchumwi mwakani.

Mfano wa wazi unapatikana Tanzania Bara, jirani na Makere, Wilaya ya Kasulu, Mkoa wa Kigoma. Huko ndiko iliko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Kambi ni taasisi yenye mikono mingi: Wizara ya Mambo ya Ndani, mashirika ya Umoja wa Mataifa, wahudumu wa afya, walimu, na Halmashauri ya Wilaya yenye vijiji jirani.

Kuanzia mwezi wa Aprili 2015, machafuko ya Burundi yaliwakimbiza watu wengi. Maelfu walikusanyika Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambako kipindupindu kilizuka mwezi wa Mei. Meli ya Liemba iliwachukua hadi Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa Nyarugusu. Kabla ya mwaka kwisha, kambi iliyokusudiwa watu 50,000 ilikuwa na zaidi ya 150,000. Ikabidi Nduta, wilayani Kibondo, ifunguliwe tena mwezi wa Oktoba, na Mtendeli mwezi wa Januari 2016.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kuwa kambi ina watu 60,000, kila siku wanaingia 1,000, na chakula kinachoagizwa hufika baada ya siku 60. Ofisa anayeagiza kwa hesabu ya leo atapokea chakula cha watu 60,000 siku ambayo kambi ina watu 120,000. Nusu yao watakosa, ingawa hakuna aliyeiba wala aliyezembea. Ofisa huyo akitahayari na kuagiza ziada kila wiki, bila ya kuhesabu mizigo iliyomo njiani, ghala litafurika siku wimbi la wageni litakapokoma. Upungufu wa kwanza na ziada ya pili vimezaliwa na utaratibu ule ule.

Kuni nazo zina duara lao. Miti ya karibu ikikatwa, safari ya kutafuta kuni hurefuka. Ikirefuka, wanawake na watoto hukabiliwa na hatari zaidi njiani, na ugomvi na wanavijiji huongezeka. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inaweka mipaka ya kutoka kambini, lakini amri pekee haipunguzi haja ya kupika. Jiko linalotumia kuni kidogo hupunguza mahitaji yenyewe, na hapo ndipo duara linapolegea.

Kwa hiyo, kabla ya kumlaumu mtumishi au kuongeza fedha, inafaa wakuu wa Idara wachore katika karatasi moja mambo yafuatayo:

(a) ni kitu gani kinachopungua au kurundikana, kama vile majalada, dawa au maji;
(b) kinaingia na kutoka kwa kasi gani;
(c) uamuzi huchukua siku ngapi kuleta matokeo;
(d) ni kiasi gani kilichokwisha kuagizwa ambacho bado kimo njiani.

Kompyuta husaidia kwa hesabu ndefu, lakini si sharti la kuanzia. Ikumbukwe pia kuwa kielelezo si utabiri, na hakizidi ubora wa takwimu zilizotiwa ndani yake. Faida yake ni kuonyesha mahali ambapo uamuzi mwema, uliofika kwa kuchelewa, hugeuka kuwa chanzo cha taabu inayofuata. Anayesubiri katika foleni ya chakula, dawa au maji ndiye wa mwanzo kuilipia taabu hiyo.