Saa Mia Mbili Angani, Miaka Minne Mlangoni

Asubuhi moja ya Julai mwaka 2023 nilikuwa miongoni mwa abiria kumi na mmoja tuliokuwa tukisubiri ndege ndogo katika Uwanja wa Wilson, Nairobi. Tulikuwa tukielekea Lamu, ambako nilikuwa nimealikwa kuzungumza na walimu wa Kiswahili. Mawingu ya msimu ule wa baridi yalikuwa yameshuka hadi yakakaribia kugusa mapaa ya mabohari ya ndege, na safari ikacheleweshwa kwa saa nzima. Hatimaye akatokea kijana mwembamba aliyevaa shati jeupe lenye mistari miwili mabegani. Akatuamkia, akatueleza namna ya kufunga mikanda, akatuonyesha milango ya dharura, kisha akainama kusaidia kupakia mifuko yetu katika sanduku lililo tumboni mwa ndege. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu akaninong'oneza, "Ndugu yangu, huyu mtoto ndiye atakayeturusha?"

Nilimjibu kwamba rubani mkuu ni yule bwana wa makamo aliyekuwa akiizunguka ndege huku akiyapapasa mabawa yake, na kwamba mtoto huyu angeketi kulia kwake na kumsaidia. Sikumwambia kuwa mtoto mwenyewe ni mpwa wangu, mwana wa dada yangu mkubwa. Wala sikumwambia kuwa kiti kile cha kulia kiliigharimu familia yetu shamba la ekari tatu na miaka minne ya kungoja. Hayo ndiyo ninayotaka kumsimulia msomaji, kwa kuwa kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa sikosi kupigiwa simu na jamaa au rafiki anayetaka kuuza kitu ili mwanawe awe rubani.

Kazi yangu ni isimu, na mwanaisimu hawezi kupita karibu na neno asilichungulie. Neno rubani halikuzaliwa angani. Tulilipokea kutoka Kiarabu, na kwa karne nyingi lilimhusu mtu wa bahari: yule ajuaye miamba, mikondo na milango ya bandari, anayekaa kando ya nahodha na kumwonyesha pa kupita. Nahodha, neno lenye asili ya Kiajemi, ndiye mwenye chombo. Rubani ndiye mwenye njia. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498 alikuwa na merikebu, mizinga na mabaharia. Alichokosa ni rubani, na alipopewa mmoja na mfalme wa Malindi ndipo alipoweza kuvuka hadi Calicut mwezi uliofuata. Rubani wa namna hiyo hakulipa karo popote. Alianza akiwa kijana mdogo anayefua maji yaliyoingia chomboni, na njia akaijua kwa kukaa miaka mingi karibu na mtu aliyeijua.

Rubani wa siku hizi huanza kwa kulipa. Sheria yenyewe haina fumbo. Mwanafunzi hupimwa na daktari aliyeidhinishwa, ambaye humwangalia macho, masikio, moyo na uwezo wa kupambanua rangi. Kisha huruka saa zisizopungua 40 ili apate leseni ya kujirusha mwenyewe bila malipo. Akitaka kulipwa, lazima awe ametimiza umri wa miaka 18, afaulu mitihani ya sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa safari na mengineyo mbele ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, na awe na saa 200, au 150 ikiwa amefuata kozi moja mfululizo iliyoidhinishwa. Juu ya hayo huongeza idhini ya kurusha ndege ya injini zaidi ya moja, na ya kuruka ndani ya mawingu kwa kutegemea vyombo peke yake. Kila saa ya hizo ina bei yake, na jumla yake ni mamilioni ya shilingi.

Mpwa wangu alimaliza yote hayo mwanzoni mwa mwaka 2019. Tulichinja mbuzi. Dada yangu aliitundika ukutani picha ya mwanawe akiwa ameshika kofia kwapani, na majirani wakaanza kumwita Kapteni. Sisi sote, nami msomi nikiwemo, tulidhani kwamba leseni na kazi ni kitu kimoja.

Alichapa barua na kuzunguka nazo Wilson, bohari baada ya bohari. Jibu lilikuwa lile lile: una saa ngapi? Kampuni nyingi zilitaka 500, nyingine 1,000, na zile za ndege kubwa zilitaka 1,500, ambazo ndizo saa za kumwezesha mtu kupata leseni ya juu kabisa. Sehemu ya masharti haya hutoka kwa kampuni za bima, ambazo hazipendi kusikia kwamba ndege ya thamani kubwa imekabidhiwa mgeni. Basi kijana asiye na saa hapewi kazi, na asiye na kazi hapati saa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame; mpwa wangu hakuinama tu, alitambaa.

La kustaajabisha zaidi ni kuwa rubani asiye na kazi hulipa ili aendelee kukosa kazi. Cheti cha daktari kina muda wake, na kwa kijana wa umri wake hudumu mwaka mmoja. Idhini ya kutegemea vyombo huhuishwa kwa mtihani. Hata kubeba abiria hakuruhusiwi ikiwa rubani hajapaa na kutua mara tatu katika siku 90 zilizopita. Yote hayo ni ada na kukodi ndege. Mwalimu aliyekosa ajira anaweza kuiweka shahada yake sandukuni miaka mitano na akaikuta ilivyokuwa. Leseni ya rubani huoza.

Kisha ukaja mwaka 2020 na korona. Safari za ndani zilisitishwa, na ziliporudi tarehe 15 Julai, marubani wenye maelfu ya saa walikuwa nao mitaani wakitafuta kazi zile zile alizokuwa akizililia. Mwaka 2021 akakubali kuwa karani katika kampuni moja ya Wilson: kupima mizigo, kupanga majina ya abiria, kuwapelekea marubani karatasi za safari. Dada yangu aliona aibu. Mimi nilimwambia kwamba hivyo ndivyo marubani wa jahazi walivyoanza, ingawa yeye hakuniona mcheshi. Kumbe ule ukarani ndio uliomfungulia mlango. Ndege yao ndogo ya injini moja inaruhusiwa kurushwa na mtu mmoja, lakini baadhi ya wateja, hasa mashirika ya misaada, hudai marubani wawili. Mwanzoni mwa 2023 kampuni ikahitaji mtu wa kiti cha kulia, na mkuu wa marubani akamkumbuka karani aliyekuwa hakosei hesabu za uzito. Hata hivyo alifanyiwa mtihani wa kuandika, akahojiwa, akarushwa na mkaguzi, na akatia saini mkataba wa kutoihama kampuni kwa muda uliowekwa.

Kabla ya mtihani mmoja alikuja kwangu, na hapo ndipo nilipopata la kujifunza. Tangu mwaka 2008, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linadai kwamba rubani wa safari za kimataifa anayewasiliana kwa Kiingereza afikie angalau daraja la nne kati ya sita za umilisi wa lugha. Huko Wilson nako ndiyo lugha ya redioni. Hupimwa matamshi, miundo, msamiati, ufasaha, ufahamu na maingiliano, na alama yake ya mwisho huwa ile ya chini kabisa kati ya hizo. (Lau ningewasahihishia wanafunzi wangu kwa kanuni hiyo, ukumbi wangu ungebaki mtupu.) Nilimtahini jioni tatu mfululizo. Nikagundua kwamba lugha ya redioni si Kiingereza nikijuacho. Tarakimu tatu, tano na tisa hutamkwa "tri", "faifu" na "naina" ili zisichanganywe na nyingine katikati ya mikwaruzo. Kila agizo muhimu kutoka mnarani lazima lirudiwe na rubani kabla ya kutekelezwa.

Ukali huo una makaburi nyuma yake. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana uwanjani katika ukungu, wakafa watu 583. Miongoni mwa sababu ni sentensi moja ya marubani wa Kiholanzi, ambayo ingeweza kumaanisha kwamba wapo tayari kupaa au kwamba tayari wanapaa. Baada ya hapo neno lenyewe la kupaa likawekewa mwiko: halitamkwi redioni ila pale ruhusa ya kupaa inapotolewa au kufutwa. Nimefundisha utata wa maana kwa miaka mingi kwa mifano ya kuchekesha, na sijawahi kuwaona wanafunzi wangu wakinyamaza kama waliponisikia nikiwasimulia huo.

Basi tukaruka. Katika ndege ile hakuna ukuta kati ya abiria na marubani, nami nikawaona barabara. Wilson iko futi 5,546 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na jua likipanda huwa nyepesi zaidi, hivyo ndege iliyojaa hukimbia njia ndefu kabla ya kuinuka. Ndiyo sababu mizigo yetu ilipimwa kwa makini yaliyomkera yule mama. Kuna siku mpwa wangu hutua mara sita au saba katika Maasai Mara, Keekorok, Ol Kiombo, Musiara, ambako rubani huweza kulazimika kupita chini kwanza ili punda milia waondoke njiani. Jioni hulala kwake. Wenzake wanaokwenda ng'ambo, asema, hawajui watoto wao wanakula nini usiku.

Wala si kazi ya kuchezea. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ndogo ya mafunzo iligongana na ndege ya abiria angani karibu na Wilson. Mwanafunzi na mkufunzi wake wakafariki, na ile ya abiria ikarudi salama. Wanaojifunza na walioajiriwa hutumia anga moja. Usiku ule dada yangu alinipigia simu, hakusema neno kwa muda, kisha akauliza kama huyo kijana aliyefariki alikuwa na mama.

Kwa hiyo nina maneno kwa pande mbili. Shule za urubani zitangaze, pamoja na karo, ni wahitimu wangapi wa miaka mitano iliyopita wanaorusha ndege kwa mshahara. Kampuni nazo, ambazo hulalamika kwamba vijana hawana uzoefu, zikubali kwamba uzoefu haupatikani sokoni kama nyanya. Kiti cha kulia kinachoruka kitupu kingeweza kumkalisha mwanagenzi mmoja chini ya mkongwe. Na mzazi anayenipigia simu nitamwambia hivi: ukiuza shamba, usilipe yote kwa shule. Theluthi uiweke kando kwa ajili ya ile miaka ya mlangoni, ambayo hakuna atakayekuonyesha katika kijitabu cha matangazo.

Tulipoanza kushuka kuelekea Manda, upepo wa kusi, ule ule uliokuwa ukizisukuma jahazi kurudi Arabuni, ulikuwa ukiipiga ndege ubavuni. Nilimwona mkongwe akiondoa mikono yake na kuiweka mapajani, na kijana akayashika yeye. Tulitua kwa kugusa mara mbili. Yule mama alishukuru Mungu kwa sauti.

Mpwa wangu alituteremshia mifuko mmoja mmoja. Ilipofika zamu yangu alinipa mkono na kuniita "Mjomba" kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie. Nilimuuliza kama saa hii inahesabiwa. Akatoa kijitabu mfukoni, akaandika kwa kalamu: saa moja na dakika 45.