Kipya Kinyemi: Kishikwambi cha Mwalimu, Masasisho ya Programu na Vifaa vya Nyongeza

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi, kingawa kidonda. Methali hiyo ilitungwa kabla mashine za elektroniki hazijafikiriwa, lakini inaeleza vizuri tabia ya binadamu mbele ya chombo kipya: hukipokea kwanza kwa furaha, na maswali huja baadaye. Makala haya yanakusudia kuyatanguliza maswali.

Mwezi Agosti 2022 Tanzania ilifanya Sensa ya Watu na Makazi, ya sita tangu Uhuru. Watu waliohesabiwa walikuwa 61,741,120. Kwa mara ya kwanza makarani hawakuandika majibu katika karatasi, bali katika vishikwambi. Kazi hiyo ilipokwisha, Serikali iliamua kwamba vishikwambi vilivyotumika vigawiwe walimu. Hivyo ndivyo chombo ambacho awali kilikuwa anasa ya wachache kilivyoingia katika ofisi za walimu nchini kote, wilaya ya Magu ikiwamo.

Mji wa Magu uko kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, karibu na Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Hii ni wilaya ya wakulima wa pamba, mpunga na viazi vitamu, ya wafugaji na ya wavuvi. Kwa mwalimu wa sekondari wa huko, kishikwambi si pambo. Ndani yake huwekwa maandalio ya masomo, alama za wanafunzi, na vitabu vya kiada vinavyopatikana katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Chombo hicho kikiharibika katikati ya muhula, kazi ya miezi mingi huweza kupotea. Kikiingiliwa na mwizi wa taarifa, majina na alama za watoto wa watu huwa mikononi mwa asiyehusika.

Sasa, katika kila mji hakosekani mpenzi wa vyombo. Huyu ni mtu ambaye wenzake humwendea kwa ushauri kila simu inapogoma, naye hutoa ushauri kwa moyo mkunjufu. Maoni yake kwa kawaida ni matatu. La kwanza: kila toleo jipya la programu ni bora kuliko la zamani, kwa hiyo lipokewe siku ileile linapotangazwa. La pili: kishikwambi bila vifaa vya nyongeza ni nusu ya kishikwambi. La tatu: chombo kikishazeeka, dawa yake ni kununua kingine. Maoni haya hayafai kukubaliwa wala kukataliwa kwa jumla. Yafaa kupimwa moja moja, kama sayansi inavyotaka.

PROGRAMU NI NINI, NA KWA NINI HUBADILISHWA?

Kishikwambi kina sehemu mbili. Ya kwanza ni ile inayoshikika: kioo, betri, na vipande vidogo vya silikoni vinavyopiga hesabu na kutunza kumbukumbu. Ya pili ni programu, yaani mfululizo wa maagizo unaoviambia vipande hivyo la kufanya. Programu inayosimamia nyingine zote huitwa mfumo endeshi. Katika vishikwambi vingi mfumo huo ni Android, ambao uliingia sokoni kwa mara ya kwanza katika simu mwaka 2008.

Mfumo endeshi una mamilioni ya mistari ya maagizo, na huandikwa na watu. Watu hukosea. Baadhi ya makosa huacha upenyo ambao mtu mwenye nia mbaya aweza kuutumia kuingia ndani ya chombo bila ya mwenyewe kujua. Kwa sababu hiyo watengenezaji hutoa masasisho, nayo ni ya aina mbili ambazo mpenzi wa vyombo mara nyingi huzichanganya.

Aina ya kwanza ni masasisho ya usalama. Haya hufanana na kuziba tobo katika mtumbwi: mtumbwi ni uleule, ila maji hayaingii tena. Aina ya pili ni toleo jipya la mfumo mzima. Hili hufanana na kubadili mtumbwi kwa mwingine mkubwa zaidi, huku kafi zikiwa zilezile. Mtumbwi mpya waweza kuwa na nafasi na mapambo mengi, lakini mpiga kafi hana nguvu zaidi ya zile za jana. Ndiyo maana kishikwambi chenye kumbukumbu ndogo huweza kuwa kizito baada ya kupokea toleo jipya, ingawa hakuna kilichovunjika.

MIFANO MIWILI YA MWAKA 2017

Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la kuziba upenyo mmoja hatari katika mfumo wake wa Windows. Wengi hawakulishughulikia. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo programu haribifu iliyopewa jina la WannaCry ilipita katika upenyo huo, ikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na kudai fidia. Hospitali nyingi nchini Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Dawa ilikuwapo kwa karibu miezi miwili. Kilichokosekana ni watu kuitumia.

Mfano wa pili unaelekea upande mwingine. Mwezi Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba masasisho yake yalikuwa yamepunguza kasi ya simu zenye betri zilizochakaa. Sababu ilikuwa ya kifizikia: betri iliyozeeka huwa na ukinzani mkubwa wa ndani, na simu inapohitaji nguvu nyingi kwa ghafla, volti hushuka na simu kuzimika. Kupunguza kasi kulizuia kuzimika huko, lakini wenye simu hawakuwa wameelezwa waziwazi. Kampuni iliomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29. Wengi waliodhani wanahitaji simu mpya kumbe walihitaji betri mpya tu.

Mifano hii miwili yatosha kusahihisha maoni ya kwanza. Sasisho la usalama lipokewe mara moja. Toleo jipya la mfumo mzima laweza kungoja wiki kadhaa, mpaka ijulikane limewafaa wengine wenye chombo cha aina ileile.

GHARAMA ISIYOTANGAZWA

Mpenzi wa vyombo aliyepo mjini husahau kwamba sasisho lina uzito. Tuchukue sasisho la gigabaiti 1.5, yaani baiti bilioni 1.5. Kila baiti ina biti 8, hivyo zinapaswa kusafirishwa biti bilioni 12. Ikiwa mtandao wa kijijini hupitisha biti milioni 2 kwa sekunde, kazi hiyo itachukua sekunde 6,000, yaani saa 1 na dakika 40, endapo mtandao hautakatika. Shule yenye walimu 20 itatumia gigabaiti 30 za bando kwa sasisho hilo moja. Mwalimu asipokuwa na fedha za bando ataahirisha, na kuahirisha ndiko kulikowaponza watu wa mwaka 2017. Gharama hii yafaa kuingizwa katika bajeti ya shule kama inavyoingizwa chaki.

Kuna pia hatari ya umeme. Zamani, chombo kilichozimika katikati ya kusasishwa kiliweza kushindwa kabisa kuwaka. Kuanzia Android 7 ya mwaka 2016 uliwekwa utaratibu wa kuwa na nafasi mbili za kutunzia mfumo endeshi: toleo jipya huandikwa katika nafasi ya pili huku la zamani likiendelea kufanya kazi katika ya kwanza. Mambo yakiharibika, chombo hurudia lile la zamani. Si kila kifaa kina utaratibu huo. Kwa hiyo betri ijazwe kwanza, na kazi zote za mwalimu zinakiliwe mahali pengine kabla ya kuanza.

VIFAA VYA NYONGEZA: KIPI CHA LAZIMA?

Kifaa muhimu kuliko vyote ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote, nacho ni waya wa chaji. Mwanafunzi anayeijua Kanuni ya Ohm aweza kuthibitisha. Chaja ya kawaida hutoa volti 5. Tuseme mkondo ni ampea 2. Waya mzuri wenye ukinzani wa omu 0.1 hupoteza volti 0.2 tu. Waya mwembamba wa bei rahisi wenye ukinzani wa omu 0.5 ungepoteza volti 1 nzima, na wati 2 zingegeuka joto ndani ya waya. Kishikwambi kikihisi kwamba volti zimeshuka, hupunguza mkondo kinaoupokea. Hapo mwenyewe huilaumu betri, kumbe kosa ni la waya.

Kifaa cha pili ni pawabenki. Ikiandikwa miliampea-saa 10,000, mnunuzi huamini kwamba itajaza mara mbili kishikwambi chenye betri ya miliampea-saa 5,000. Sivyo. Tarakimu hiyo hupimwa kwa volti 3.7 za betri iliyomo ndani, hivyo nishati iliyohifadhiwa ni wati-saa 37. Kuipandisha hadi volti 5 za kutolea, na kuishusha tena ndani ya kishikwambi, hupoteza sehemu ya nishati. Tukikadiria kwamba asilimia 80 ndiyo inayofika, zitabaki wati-saa 29.6. Betri ya kishikwambi huhitaji wati-saa 18.5. Basi pawabenki itaijaza mara 1.6 tu, hata ikiwa maandishi yake ni ya kweli.

Kava nalo ni la manufaa, kwa kuwa hupunguza nguvu ya pigo chombo kinapoanguka. Lakini kava nene huzuia joto kutoka, na joto ndilo adui mkubwa wa betri za lithiamu. Kishikwambi kikipata moto wakati wa kuchajiwa, kivuliwe kava, na kamwe kisiachwe juani wala chini ya mto wa kulalia. Memori kadi hufaa kwa kunakili kazi, mradi isiwe ndiyo nakala pekee, kwani nayo huharibika. Kalamu ya kioo na kibodi ya nyongeza ni vizuri kwa anayechora au kuandika sana; kwa wengine ni pambo.

JE, CHA ZAMANI KITUPWE?

Maoni ya tatu yana chembe ya ukweli. Huja siku ambapo mtengenezaji huacha kutoa masasisho ya usalama kwa chombo cha aina fulani. Kuanzia siku hiyo si salama kukitumia kwa fedha, nywila au alama za wanafunzi, hasa kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Walakini kisicho salama mtandaoni si lazima kiwe takataka. Kikiondolewa taarifa zote na kutengwa na intaneti, chaweza kuendelea kuwa maktaba ya darasa: vitabu vya kiada, picha za biolojia, ramani. Betri ikichoka, fundi mwenye ujuzi aibadilishe. Betri iliyovimba isitumike tena, wala isitoboliwe, wala isitupwe katika shimo la taka linalochomwa moto, kwa maana hulipuka na kutoa moshi wenye sumu.

Taifa hili lina funzo lake la zamani kuhusu jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya jitihada za kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta kutoleta matokeo yaliyotarajiwa, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katazo hilo likaja kulegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980. Kupokea mashine bila ya kuandaa watu na kazi yake ni hasara. Kuikataa mashine kwa miaka mingi nako kuna hasara yake. Kati ya hizo mbili kuna njia ya tatu, nayo ni kuielewa. Mwalimu wa Magu anayejua kwa nini sasisho limekuja, waya upi wa kununua na lini betri imechoka, amekwisha kuishika njia hiyo, na wanafunzi wake watajifunza kwake.

MAZOEZI KWA WANAFUNZI

1. Shule ina mtandao wa biti milioni 4 kwa sekunde. Sasisho la gigabaiti 2 litachukua muda gani kufika katika kishikwambi kimoja?

2. Waya wa chaji una ukinzani wa omu 0.3, na mkondo ni ampea 1.5. Tafuta volti zinazopotea na wati zinazogeuka joto.

3. Jaribio. Kioo cha kishikwambi huhisi mguso kwa sababu kidole hupitisha umeme na kubadili chaji kidogo iliyo juu ya kioo. Shika mkononi kipande cha kiazi kitamu kibichi, ukifute kisidondoshe maji, kisha kiguse kioo taratibu. Rudia kwa kutumia kipande cha michembe iliyokauka vizuri, halafu kijiti kikavu. Andika unachokiona, na ueleze maji ya kiazi yana kazi gani katika jambo hili.