Motere ya zamani ya kamiyo: namna ya kuitengeneza upya nyumbani bila kutupa makuta ya chama



Kamiyo ya chama ikianza kutoa moshi wa buluu na kuomba mafuta ya motere kila safari, komite inajikuta na maswali matatu: tuiuze, tununue motere ingine ya okaziyo, ao tuifungue hii tuliyo nayo? Wakati tunabishana, viazi vya Lubero vinaanza kuota ndani ya magunia, na wanunuzi wanashusha bei juu wanajua hatuna namna ya kusafirisha.

Makala hii ni ya vyama vinavyofikiri kuifungua. Inawezekana kabisa kuitengeneza motere upya kwenye kiwanja, chini ya paa ya depo. Lakini kuna kazi za nyumbani na kuna kazi za turneri. Mwenye kuchanganya hizo mbili atalipa mara mbili.

Motere gani tunasema

Tunasema motere za mazutu za zamani, zile zisizo na kompyuta. Kwa mfano ile 4D32 ya Mitsubishi Canter: silindri 4, upana wa silindri milimeta 104, pistoni inapanda na kushuka milimeta 105, jumla lita 3,5 na kidogo. Ao ile OM 352 ya kamiyo za Mercedes-Benz za kizamani: silindri 6, karibu lita 5,7. Pompe ya mazutu ni ya chuma na meno tu, na kila kitu kinaweza kupimwa kwa mkono. Motere mpya yenye waya za umeme kila mahali ni kesi ingine. Hiyo muiache kwa wenye mashine zake.

Kwanza, imekufa kweli?

Motere nyingi zinafunguliwa bure. Mbele ya kugusa kle, muangalie moshi.

Moshi mweusi: mazutu ni mengi ao hewa ni kidogo. Mara nyingi ni filta ya hewa iliyojaa vumbi, ao enjekteri zinazomwaga vibaya. Hiyo si sababu ya kufungua motere.

Moshi mweupe usioisha hata motere ikipata moto: mazutu hayaungui vizuri, ao maji yanaingia ndani ya silindri. Muangalie kama maji ya radiatere yanapungua, na kama mafuta ya motere yamekuwa na rangi ya maziwa. Ikiwa ni hivyo, pengine ni juwe ya kilasi peke yake.

Moshi wa buluu: mafuta ya motere yanaungua. Mufungue kifuniko cha kutilia mafuta wakati motere inazunguka. Kama mvuke unasukuma kwa nguvu, segima zimechoka ao silindri zimelika.

Kisha mupime kompresiyo, silindri moja moja, motere ikiwa na moto, batri ikiwa na nguvu, na mazutu yamefungwa. Motere nzima ya namna hii inaonyesha karibu bara 25. Ikishuka chini ya 20, wanasema imechoka. Lakini muangalie sana hapa: hesabu hiyo ni ya chini, karibu na bahari. Huku kwetu milimani, kwenye mita 2.000, hewa ni nyepesi, inapungua kwa karibu moja juu ya tano. Motere nzima itaonyesha 20 hivi, na hiyo si ugonjwa. Fundi asiyejua jambo hili anaweza kuhukumu motere nzima. Kwa hiyo mulinganishe silindri na wenzake: moja ikiwa chini sana kuliko zingine, ndiyo mgonjwa.

Kipimo kingine hakina bei. Mutie kijiko kimoja cha mafuta ya motere ndani ya silindri iliyo chini, mupime tena. Kompresiyo ikipanda, shida ni segima na silindri. Ikibaki pale pale, shida ni supape ao juwe ya kilasi, na hiyo ni kazi ya kilasi tu. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni kubwa sana.

Hesabu mbele ya kle

Komite iandike safu tatu kwenye daftari: piese, turneri, na kazi pamoja na usafiri. Iweke pembeni akiba, moja juu ya tano ya jumla, juu siku zote kutaonekana kitu ambacho hakikujulikana. Jumla hiyo ilinganishwe na bei ya motere ya okaziyo. Lakini mukumbuke: motere ya okaziyo hamjui ndani yake, na hii yenu mtaijua.

Mapatano na fundi yaandikwe: atafanya nini, kwa siku ngapi, piese za zamani zinabaki kwa nani. Piese za zamani zibaki kwa chama mpaka mwisho. Ndizo zinazoonyesha kwamba zile mpya ziliingia kweli.

Na jambo moja linalopoteza makuta ya vyama vingi: kununua piese mbele ya kupima. Kusine zinauzwa kwa ukubwa mbalimbali: za kawaida, kisha 0,25, 0,50, 0,75 na 1,00 mm. Ukubwa gani mtahitaji, vilibrekini peke yake ndiyo itasema, kisha turneri kuipima. Mwenye kununua kusine za kawaida mapema, halafu vilibrekini ikakatwa, amenunua chuma cha kuweka kwenye kabati.

Mahali pa kazi na kufungua

Adui wa kwanza ni vumbi. Mumwagie sakafu maji, mutandike maturubai, mufunge upande wa upepo. Motere ioshwe nje vizuri mbele ya kufunguliwa.

Motere kama hiyo ina kilo karibu 300 ao zaidi. Isifungwe na kamba kwenye mti wa paa ambao hamjaujaribu. Mtumie palani na nguzo tatu za nguvu, na mtu asiingie hata mkono chini ya motere inayoning'inia.

Kila kitu kinachotoka kipewe alama. Bulo za kila sehemu ziingie kwenye kopo lake. Pistoni, bieli na kofia zake zina namba: ya kwanza inarudi kwa kwanza, na upande ule ule. Kofia za vilibrekini hazibadilishani hata kidogo, juu zilitobolewa pamoja na bloki. Mbele ya kutoa meno ya mbele, mutafute alama zao. Zisipoonekana, mupige zenu kwa patasi ndogo. Simu ina kamera: mupige picha kwa kila hatua.

Juwe za zamani sana zinaweza kuwa na amianti, na vumbi lake linaharibu mapafu. Musizikwaruze zikiwa kavu. Muziloweshe kwanza.

Kupima silindri bila mashine

Hapa ndipo wengi wanasema, «hatuna vipimo, tufanye nini?» Kuna njia ya zamani, na inafanya kazi. Mutafute segima moja mpya ya ukubwa wa kawaida, na kale, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi.

Mutie segima ndani ya silindri, muisukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa. Muiweke chini kabisa, mahali ambapo segima hazifiki wakati wa kazi. Mupime nafasi kati ya ncha zake mbili. Tuseme ni 0,40 mm. Sasa muilete juu, chini kidogo ya ule ukingo unaosikika kwa ukucha, mahali silindri inapolika sana. Mupime tena. Tuseme ni 1,35 mm. Tofauti ni 0,95. Mugawanye kwa 3,14: mnapata 0,30 mm. Huo ndio upana ambao silindri imeongezeka.

Kwa motere za ukubwa huu, ukishapita robo ya milimeta, yaani 0,25 mm, segima mpya peke yake hazitasaidia. Zitafunga miezi michache, kisha moshi utarudi. Silindri sherti ziende kwa turneri, zitobolewe ao zipewe shemizi mpya. Ikiwa kulika ni kidogo, kwa mfano 0,08 mm, muondoe ule ukingo wa juu, musugue silindri kwa jiwe lake mpaka ziwe na mistari yenye kukatana, na segima mpya zitatosha.

Kilasi nayo muilaze, muweke rula ya chuma iliyonyooka juu yake, kwa urefu na kwa pembe. Kale ya 0,05 mm ikipita kwa urahisi sehemu nyingi, muipeleke ikasawazishwe.

Kazi zisizofanyika kiwanjani

Kukata vilibrekini, kutoboa silindri, kusawazisha kilasi na kutengeneza pompe ya mazutu. Hizo ni kazi za mashine. Pompe na enjekteri ziende kwa mwenye banki ya kupimia. Na mtu asiweke mkono mbele ya enjekteri inayojaribiwa: mazutu yenye nguvu ile yanatoboa ngozi na kuingia ndani ya damu. Akiumia hivyo, hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano, apelekwe hospitali siku ile ile.

Kufunga

Muoshe bloki mara nyingine kisha turneri, na mupitishe waya na hewa kwenye njia zote za mafuta. Vumbi la chuma lililobaki ndani linaua kusine mpya kwa siku moja.

Segima zina upande wa juu wenye alama. Ncha zao zisilingane mstari mmoja. Kusine zipakwe mafuta safi, na kila mukifunga kofia moja, muzungushe vilibrekini kwa mkono. Ikiwa nzito ghafla, musimame, mutafute sababu. Hapa nguvu haitengenezi.

Bulo za kilasi zinafungwa kwa kle dinamometriki, kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua tatu. Namba ya nguvu inatoka kwenye kitabu cha motere hiyo hiyo. Musichukue namba ya kukisia. Kama chama hakina kle hiyo, vyama viwili ao vitatu vinunue moja kwa pamoja. Ni kifaa cha miaka mingi.

Siku ya kuwasha

Mutie mafuta na filta mpya. Muzungushe motere kwa demareri bila mazutu mpaka taa ya mafuta izimike ao mshale upande. Kisha mutoe hewa kwenye njia ya mazutu.

Mtu mmoja asimame karibu na mdomo wa hewa akiwa na ubao laini ao karatasi ngumu. Motere ya mazutu ikishika mwendo wenyewe, kufunga kontakti hakuisimamishi. Kuziba hewa ndiko kunaisimamisha. Aizibe kwa ubao, si kwa kiganja.

Ikiwaka, musiiache ralanti saa nzima. Segima mpya zinakaa vizuri kwa kazi ya kiasi. Kilomita 500 za kwanza ni nusu ya mzigo, bila kupanda mlima kwa hasira. Kisha mubadilishe mafuta na filta, mupime tena nafasi za supape, na mukaze kilasi upya kama kitabu kinaomba. Mafuta ya zamani yasimwagwe kwenye mto wala karibu na kisima. Muyaweke kwenye bidoni.

Shofere naye yumo

Kazi yote hii inaweza kufa kwa msimu mmoja wa kiangazi, juu vumbi likipita kwenye filta linakuwa sawa msasa ndani ya silindri. Kamiyo nyingi za zamani zina filta yenye bakuli la mafuta. Kwenye njia ya vumbi, shofere aifungue kila juma, aioshe, na abadilishe mafuta yake. Mpira wa hewa uliopasuka ubadilishwe siku ile ile. Kuufunga kwa kitambaa si dawa.

Chama kiweke daftari moja ndani ya kabini: tarehe, kilomita, mafuta yaliyotiwa, filta iliyooshwa, na sahihi ya shofere. Mwisho wa mwezi komite ilisome mbele ya wanachama, pamoja na hesabu za magunia. Mafuta yanayotiwa yakianza kuongezeka, mtaona mapema, wakati kutengeneza kungali na bei ndogo.