Mtafiti, Skrini na Haki ya Familia

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, miongoni mwa wakazi wa Soweto, mjini Moshi, wamo wanaosomea shahada za uzamili na uzamivu huku wakilea familia. Mchana wako mbele ya kompyuta, usiku huhamia kwenye simu. Wakiulizwa, hujibu kuwa wako kazini. Jibu hilo lina ukweli, na hapo ndipo penye mtihani: chombo kinachomletea mtafiti makala za kitaaluma ndicho kinachomletea mpira na soga za WhatsApp. Mshika mawili, moja humponyoka.

Hatusemi skrini iachwe. Tunasema kazi zipambanuliwe. Kutafuta machapisho, kuchambua takwimu na kuchapa tasnifu kunahitaji kompyuta. Lakini kusoma makala iliyokwisha kuchapwa karatasini, kupanga hoja za sura na kusahihisha rasimu kwa kalamu hakuihitaji. Apakue machapisho ya wiki kwa mkao mmoja, kisha azime intaneti.

Tuchukue mfano wa anayetafiti ushirika. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 ikaundwa KNCU. Mengi ya historia hiyo yamo vifuani mwa wazee wa Kibosho, Machame na Marangu. Mtafiti apande huko na daftari. Mzee akimwona kijana anachungulia simu kila mara, hufupisha maneno, na utafiti ukapungukiwa.

Nyumbani je? Abu Dardaa (r.a.) alipozidisha ibada hata akaisahau nyumba yake, Salman al-Farisi (r.a.) alimkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na ahali zake wana haki. Mtume (s.a.w.) akathibitisha kuwa Salman amesema kweli. Ikiwa ibada ya sunna haikufuta haki ya familia, vipi tasnifu iifute?

Basi nyakati za sala ziwe mipaka ya kazi. Baada ya Alfajiri, akili ingali tulivu, aandike. Baina ya Magharibi na Isha simu ikae chumba kingine, naye awasikilize watoto somo lao la madrasa. Baada ya Isha alale mapema. Katikati ya kazi, kila dakika 20 atazame mbali kwa sekunde 20, macho yapumzike.

Na familia nayo imsaidie: saa zake za kuandika ziheshimiwe, asiitwe kwa kila jambo dogo. Akijua hatakatizwa, atamaliza mapema na kurudi kwao akiwa mzima wa moyo na macho.

Tunamwomba Allah (S.W.) abariki elimu yetu na nyakati zetu. Wabillahi tawfiq.