Usalama vyuoni: Kifaa cha bei ghali hakifai kitu bila mtu wa kuitikia

KAMERA za CCTV, mashine za kusoma alama za vidole na malango yanayofunguka kwa kadi si vitu vigeni tena katika taasisi za elimu ya juu nchini Kenya. Hata hivyo, kabla ya kutia saini zabuni, kila msimamizi wa chuo hana budi kujiuliza swali moja: kifaa hiki kikitoa ishara saa nane usiku, ni nani atakayekwenda, na atafika baada ya dakika ngapi?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika Kaunti ya Nakuru na maeneo jirani ya Bonde la Ufa, kwa kuwa baadhi ya vyuo vikubwa viko mbali na miji.

Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo katika ardhi iliyotolewa na Lord Maurice Egerton na kupanda hadhi kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1987, kiko Njoro, takriban kilomita 25 kutoka Nakuru. Bewa hilo limezungukwa na mashamba. Wanafunzi wake wengi wamepanga vyumba nje ya ua, katika mitaa kama Njokerio.

Chuo Kikuu cha Kabarak kiko kando ya barabara ya kuelekea Eldama Ravine, takriban kilomita 20 kutoka Nakuru. Chuo Kikuu cha Laikipia nacho kiko nje ya mji wa Nyahururu. Kwa upande mwingine, tawi la Nakuru la Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC) limo ndani ya Nakuru yenyewe, iliyopewa hadhi ya jiji Desemba 2021.

Chuo kilichozungukwa na mashamba huhofia ua mrefu usio na mlinzi na usaidizi unaochelewa. Chuo cha mjini huhofia umati unaopita langoni mchana kutwa. Kwa sababu hiyo, orodha moja ya vifaa haiwezi kuvifaa vyote viwili.

Funzo la mwaka 2015

Mwaka 2015 uliacha mafunzo matatu machungu ambayo hayajapitwa na wakati.

Alfajiri ya Aprili 2, magaidi wa al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wakiwemo wanafunzi 142. Tahadhari kwamba chuo kikuu kingeweza kushambuliwa ilikuwa imetolewa siku chache kabla. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa tayari kimewatahadharisha wanafunzi wake. Lakini kikosi maalumu cha polisi kilitoka Nairobi, na operesheni hiyo ilimalizika jioni. Habari ilikuwapo. Kilichokosekana ni itikio la haraka.

Siku kumi baadaye, Aprili 12, transfoma ya umeme ililipuka katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakakimbia ovyo na wengine wakaruka kutoka ghorofani. Mwanafunzi mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Hapa hapakuwa na adui yeyote, ila kishindo kisicho na maelezo.

Novemba 30 mwaka uo huo, zoezi la kuiga shambulio lilifanywa katika Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi. Wengi hawakujua kwamba ni zoezi. Mfanyakazi mmoja alifariki baada ya kuruka kutoka jengoni, na wengine wakajeruhiwa.

Katika mikasa yote mitatu, kamera zaidi hazingebadilisha mengi. Uhai ulitegemea mambo mawili: watu kuelezwa ukweli upesi, na kujua la kufanya baada ya kuelezwa.

Arifa kwanza

Ndiyo maana mfumo wa kuwaarifu watu unastahili kutangulia katika bajeti. Marekani ilijifunza hilo kwa gharama kubwa Aprili 16, 2007 katika chuo cha Virginia Tech. Wanafunzi wawili walipigwa risasi bwenini mwendo wa saa moja na robo asubuhi. Barua pepe ya kwanza kwa wanafunzi wote ilitumwa saa tatu na dakika 26. Muda mfupi baadaye muuaji aliingia jengo la madarasa na kuwaua watu wengine 30. Mwaka uliofuata sheria ya nchi hiyo ilibadilishwa ili kuvilazimu vyuo kutoa arifa mara tu hatari inapothibitishwa.

Kwa chuo cha Kenya, mfumo kama huo si lazima uwe wa mamilioni. Ujumbe mfupi wa simu, vipaza sauti mabwenini na redio za mkononi za mabawabu hutosha, mradi masharti matatu yatimizwe.

Kwanza, nambari za simu zisahihishwe kila muhula na kupangwa kwa makundi, ili wanaoishi nje ya bewa nao wafikiwe. Pili, ujumbe uwe umeandikwa mapema, ukieleza kwa maneno machache nini kimetokea, wapi, na watu wafanye nini. Tatu, afisa wa zamu awe na mamlaka ya kuutuma bila kusubiri idhini ya kikao. Sharti hili la tatu halina gharama yoyote, lakini ni rahisi kulisahau.

Aidha, ving'ora visiwe na mlio mmoja. Moto humtaka mtu atoke nje. Mvamizi mwenye silaha humtaka mtu ajifungie ndani au akimbilie upande salama. Mlio mmoja kwa hatari zote mbili waweza kumpeleka mwanafunzi palepale penye mauti.

Kamera huona nini?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliojumlisha tathmini za miaka 40 kutoka nchi kadhaa, ulibaini kwamba uhalifu ulipungua kwa takriban asilimia 13 mahali palipowekwa kamera ukilinganishwa na mahali pasipokuwa nazo. Mafanikio makubwa zaidi yalionekana katika maegesho ya magari. Pia yaliongezeka pale ambapo kamera zilifuatiliwa na watu moja kwa moja na kuambatana na hatua nyingine za ulinzi. Kwa ufupi, kamera husaidia, lakini haifanyi kazi ya mlinzi.

Kosa la kwanza katika ununuzi ni kuitaka kamera moja ione kila kitu. Kiwango kinachotumiwa Ulaya hutaka angalau pikseli 250, yaani nukta ndogo zinazounda picha, kwa kila mita ya mandhari ili uso wa mtu asiyejulikana utambuliwe. Kujua tu kwamba kuna mtu huhitaji pikseli 25.

Kwa hesabu hiyo, kamera yenye upana wa pikseli 1,920 inaweza kuonyesha kwamba kuna mtu katika uwanja wenye upana wa mita 76. Lakini ili uso wake utambulike, upana huo usizidi mita saba na nusu hivi. Kamera iliyotundikwa juu ya paa kutazama uwanja mzima itaonyesha mwizi akipita. Haitaonyesha ni nani. Mahali bora pa kamera ya kutambua nyuso ni palipobana: langoni, mlangoni pa bweni, au penye ngazi.

Kosa la pili ni kusahau hifadhi. Kamera inayotuma megabiti nne kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 16 zikihifadhiwa kwa siku 30 huhitaji takriban terabaiti 21. Ikiwa likizo ni ya miezi miwili na hifadhi ni ya wiki mbili, wizi uliofanyika mwanzoni mwa likizo utagunduliwa wakati picha zake zimekwisha kufutwa.

Mahali pengine taa hufaa kabla ya kamera. Jaribio lililofanywa mwaka 2016 katika mitaa ya nyumba za umma jijini New York lilionyesha kwamba taa zenye nguvu zilipunguza uhalifu mkubwa wa usiku nje ya nyumba kwa takriban asilimia 36. Njia ya miguu kati ya maktaba na vyumba vya kupanga ni mahali pa kuanzia.

Kadi au kidole?

Mashine ya alama za vidole ina sifa moja kubwa: mtu hawezi kumwazima mwenzake kidole kama anavyomwazima kadi. Lakini vidole vyenye tope au vilivyochubuka kwa kazi ya shambani au karakana husomeka kwa shida, jambo lenye uzito katika vyuo vya kilimo na ufundi. Isitoshe, kadi iliyopotea hufutwa na kubadilishwa siku iyo hiyo, ilhali alama ya kidole ikiibwa kwenye tarakilishi haibadilishiki maishani.

Kasi nayo huhitaji hesabu. Tuseme wanafunzi 2,000 wanaingia kati ya saa moja na nusu na saa mbili asubuhi, na kila mmoja hutumia sekunde tano. Mashine moja itapitisha watu 360 katika nusu saa hiyo. Hivyo zitahitajika sita. Chuo kikinunua mbili, foleni itajaa nje ya lango, bawabu atalemewa na kufungua lango wazi, na fedha zitakuwa zimepotea. Foleni yenyewe pia ni hatari, kwani hukusanya watu wengi mahali wasipoweza kukimbilia.

Kufuli inayolinda isigeuke mtego. Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, ambako mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mlango wa bweni wa kutumia kadi lazima ufunguke kutoka ndani bila kadi, bila ufunguo na bila umeme.

Umeme wenyewe hauna dhamana. Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani, na hali hiyo ikarudiwa Desemba 10 mwaka huo. Betri zisitosheleze kamera pekee. Mitambo ya mtandao, hifadhi ya picha na vipaza sauti vyote viwe na umeme wa dharura. Kifaa kimoja kikiachwa nje ya mpango huo, mnyororo mzima hukatika.

Sheria yasemaje?

Chuo kinachokusanya picha na alama za vidole kimejitwika wajibu wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu data ya kibayometriki kuwa data nyeti. Kanuni za mwaka 2021 zinawataka wanaoendesha taasisi za elimu na wale wanaotumia kamera za CCTV kwa ulinzi wajisajili na Kamishna wa Data.

Data ikivuja na kuhatarisha wenyewe, Kamishna anapaswa kuarifiwa katika muda wa saa 72. Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza shule moja faini ya zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Kwa hiyo mkataba na muuzaji ueleze ni nani atakayetazama picha, zitahifadhiwa siku ngapi, na nani atabadilisha nywila zilizokuja na mitambo. Mabango yawaarifu watu kwamba kuna kamera. Vyumba vya kulala, vyoo na mabafu visiwekwe kamera kamwe.

Bawabu naye ana sheria yake. Sheria ya Kudhibiti Huduma za Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016 inamruhusu kumwomba mgeni ajitambulishe na kurekodi saa zake za kuingia na kutoka. Habari hizo ni za utambulisho, si za kutafutia nambari ya simu ya mwanafunzi wa kike.

Mtihani usiogharimu

Vyuo vikuu vya umma vimelemewa na madeni, na kila shilingi inayotumiwa kwa ulinzi huondolewa maabara au maktaba. Mpangilio wa busara basi ungekuwa huu: kwanza orodha ya visa vilivyowahi kutokea bewani, pamoja na mahali na saa, kisha taa, ua na milango, halafu arifa na mafunzo ya mabawabu, mwisho kamera na mashine za langoni. Zabuni nayo ieleze kazi inayotakiwa badala ya jina la kampuni, na itenge fedha za matengenezo ya miaka mitano.

Chuo kilichokwisha kununua kinaweza kujipima bila gharama. Baada ya kuwatangazia wanafunzi na wafanyakazi kwamba kuna jaribio, kengele ya dharura ibonyezwe katika bweni lililo mbali zaidi na lango, na dakika zihesabiwe hadi mtu afike. Kisha iombwe picha ya saa iyo hiyo wiki mbili zilizopita. Majibu ya majaribio hayo mawili yataonyesha fedha zinazofuata zielekezwe wapi: kwa vifaa, au kwa watu wanaovitumia.