Msumeno Uliofurika Petroli: Dawa Yake ni Hewa, Si Nguvu

Katika nchi ya Nyeri, na katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya kama vile Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu na Chuka, sauti ya msumeno wa mnyororo, ambao wengi huuita pawa-soo, imekuwa jambo la kila siku. Mikaratusi na mikima iliyopandwa mipakani mwa mashamba ya chai na kahawa huangushwa kwa msumeno huo, na mara nyingi hupasuliwa mbao papo hapo shambani. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, wapasuaji wengi waligeukia miti ya wakulima. Kwa hiyo msumeno huu si chombo cha makampuni ya mbao peke yake. Ni chombo cha mkulima na cha kijana anayejitafutia riziki kijijini.

Walakini una tabia moja inayowasumbua watu wengi. Asubuhi ya baridi mwenye msumeno huvuta kamba mara kumi, mara ishirini, nao hauwaki. Harufu ya petroli hujaa, mkono huuma, na lori la kubebea mbao linangoja. Basi huanza kuvuta kwa hasira, mpaka kamba ikakatika, au huupeleka msumeno kwa fundi na kulipia kabureta mpya ilhali ile ya zamani haikuwa na kasoro. Yafaa ijulikane kwamba mara nyingi msumeno wa namna hiyo si mgonjwa. Umekunywa petroli kupita kiasi, yaani umefurika. Na dawa yake ni kuupa hewa na subira.

KWA NINI HUFURIKA

Petroli haiwaki ndani ya silinda kwa kuwa ni nyingi, bali kwa kuwa imechanganyika na hewa kwa kipimo. Kwa uzito, sehemu moja ya petroli huhitaji sehemu karibu 15 za hewa. Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke kwa urahisi, na ndiyo sababu msumeno una choki: kipande kidogo kinachoziba njia ya hewa ili petroli iingie kwa wingi zaidi. Choki hiyo ni ya mivuto michache ya kwanza tu. Msumeno ukikohoa mara moja, hiyo ni ishara kwamba petroli imefika na moto upo. Hapo choki haina kazi tena. Atakayeendelea kuvuta huku choki imefungwa ataijaza silinda petroli mbichi, na plagi italowa. Plagi iliyolowa haitoi cheche ya kufaa, na kila mvuto huongeza maji kwenye kisima kilichokwisha kujaa.

Kosa la pili hutokea mchana. Mtu amefanya kazi saa mbili, akazima msumeno anywe chai, kisha akarudi na kuvuta choki kama alivyofanya alfajiri. Injini ingali na joto, haihitaji choki hata kidogo, nayo hufurika mara moja.

Jambo la tatu latuhusu sisi wa milimani hasa. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki hukaribia mita 1,900. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika sita. Msumeno uliorekebishwa Mombasa hupata huku petroli ile ile lakini hewa pungufu. Hutoa moshi mwingi, hukosa nguvu, na hufurika upesi. Misumeno mingine ya siku hizi hujirekebisha yenyewe, lakini ile ya kawaida hapana budi irekebishwe na fundi mwenye kipimo cha mwendo wa injini. Usizungushe skrubu za kabureta kwa kubahatisha. Petroli ikipungua mno, pistoni huungua, na hiyo ni hasara kubwa kuliko kufurika.

NJIA YA KWANZA: BILA KUFUNGUA KITU

Ukitambua kwamba msumeno umefurika, acha kuvuta. Uweke mahali pakavu, ungoje dakika kumi au kumi na tano ili petroli ikauke. Kisha fanya hivi:

1. Peleka msumeno angalau mita tatu kutoka mahali ulipojazia mafuta. Pasiwe na moto wala sigara karibu.

2. Uweke chini palipo sawa, mnyororo usiguse kitu, na funga breki ya mnyororo.

3. Fungua choki kabisa ili hewa iingie.

4. Misumeno mingi ina namna ya kushikilia kifyatulio cha mafuta kikiwa nusu wazi wakati wa kuwasha. Itumie hiyo, wala usikifunge kifyatulio kwa kamba.

5. Kanyaga mpini wa nyuma kwa ncha ya kiatu cha kulia, shika mpini wa mbele kwa mkono wa kushoto, kisha vuta kwa mkono wa kulia. Huenda ukavuta mara kumi au zaidi kabla haujawaka.

Utakapowaka utatoa moshi mzito. Usiogope, ni petroli iliyozidi inaungua. Bana kifyatulio mara moja na kukiachilia ili injini itulie, kwa maana kuikimbiza kwa nguvu huku breki imefungwa huharibu klachi.

Wako wanaowasha kwa kuudondosha msumeno kwa mkono mmoja huku mwingine unavuta kamba. Desturi hiyo ni ya hatari kubwa. Msumeno unaokataa kuwaka huweza kuwaka ghafula, na mnyororo ukazunguka karibu na paja la mtu.

NJIA YA PILI: KUTOA PLAGI

Njia ya kwanza isipofaulu, zima swichi na uache injini ipoe. Toa kofia ya plagi, kisha ifungue plagi kwa spana yake. Ikiwa imelowa, ipanguse kwa kitambaa safi. Usiikaushe juu ya jiko la makaa kama wafanyavyo wengine. Petroli huweza kushika moto, na kigae cheupe cha plagi huweza kupasuka. Nafasi ya cheche katika misumeno mingi ni nusu milimita; ikiwa masizi yameiziba, safisha au nunua plagi mpya ya namna ile ile.

Sasa geuza msumeno ili tundu la plagi lielekee chini, petroli itoke. Swichi ikiwa imezimwa bado, choki ikiwa wazi, na waya wa plagi ukiwa mbali na tundu, vuta kamba mara sita hadi kumi. Petroli itaruka, basi usiweke uso mbele ya tundu. Pangusa iliyomwagika, acha mvuke upepee, rudisha plagi, kisha washa bila choki.

PLAGI HUELEZA UGONJWA

Mtu mwangalifu huitazama plagi kabla ya kutoa fedha zake. Plagi ikiwa kavu kabisa baada ya mivuto mingi, msumeno haukufurika, petroli haifiki. Tazama chujio lililomo ndani ya tangi, na kitundu cha kupitisha hewa tangini. Plagi ikiwa imelowa kila siku, hata ukiwasha kwa utaratibu, tazama chujio la hewa. Vumbi la mbao likiliziba, huwa ni kama choki imefungwa daima. Lisafishe kila jioni. Chujio likiwa safi na kufurika kungaliko, huenda sindano ya kabureta haifungi sawasawa, na hapo kazi ni ya fundi.

Tazama pia mchanganyiko wako. Kwa oili nzuri ya injini za namna hii, watengenezaji wengi huagiza sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 100 kwa lita tano. Hata hivyo fuata kitabu cha msumeno wako. Kumimina kwa kukadiria kwa jicho huleta mambo mawili: oili ikizidi, plagi hushika masizi, ikipungua, pistoni hukwaruzika. Wala usitumie mchanganyiko uliokaa miezi, maana petroli iliyochakaa haiwaki vema.

Andreas Stihl wa Ujerumani alipotengeneza msumeno wake wa petroli mwaka 1929, ulikuwa mzito hata ukahitaji watu wawili. Wa leo huchukuliwa na mtu mmoja, lakini kanuni ya injini haikubadilika: petroli, hewa na cheche, kila kimoja kwa kipimo chake. Kwa hiyo wewe mwenye msumeno, au wewe mkulima uliyemwajiri mwenye msumeno, kumbuka haya kesho asubuhi: choki kwa mivuto michache; ukikohoa, fungua choki; ukinuka petroli, ngoja. Mwenda pole hajikwai, wala hapotezi kidole.