BREKI INAYONG'ANG'ANIA: TUMKAMATE MKOSAJI WA KWELI

Mwenye gari kuukuu aishiye Nyakabiga aweza kudanganyika. Mwendo wa mtaani ni wa pole, na breki mbovu husitirika. Siri hufichuka siku ya kuteremka kutoka Bugarama, palipo juu ya meta 2,000, hadi Bujumbura ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kwa kilomita 35 hivi. Hapo breki hupata moto, na kalipa iliyochakaa huleta maafa.

Kalipa ni chuma kinachoikumbatia diski ya gurudumu. Dereva akanyagapo breki, mafuta husukuma pistoni, nayo hubana pedi. Aachapo, mpira uliozunguka pistoni huirudisha nyuma kidogo mno. Mpira ukikakamaa, pistoni ikishika kutu, au pini zikikauka, pedi hubaki imeng'ang'ania diski. Dalili zake ni hizi: gari huvuta upande mmoja, rimu moja huwa ya moto kuliko mwenziwe, na pedi moja huisha ilhali ya pili ingali nene.

Hata hivyo, polisi hamtii mtu pingu bila ushahidi. Hivi karibuni tuliinua Corolla ya mwenzetu ambaye alikwisha kushauriwa kununua kalipa mpya. Tulizuia magurudumu kwa mawe, tukaweka stendi, kwani jeki peke yake si mlinzi. Gurudumu la kulia la mbele lilikataa kuzunguka. Tukalegeza kidogo nati ya kutolea upepo: mafuta yakaruka, gurudumu likawa huru. Kalipa haikuwa na hatia! Mpira wa kupitishia mafuta ulikuwa umevimba ndani, ukayafungia. Kama gurudumu lingalikwama bado, lawama ingaliangukia pistoni au pini.

Afunguaye kalipa asiining'inize kwenye mpira wake. Pini zipakwe grisi ya silikoni, wala si mafuta ya injini yaharibuyo mpira. Kifaa kipya kitiwe pande zote mbili, kisha upepo utolewe. Mafuta ya breki nayo hunyonya maji: ya DOT 3 yakiwa mapya hustahimili nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakisha kunywa maji yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140, pedali ikazama mtupu. Yafaa yabadilishwe kila miaka miwili.

Askari hukagua silaha yake kabla ya doria. Na tukague breki zetu kabla ya mteremko, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.